254 Ni FE: Namba za Mashine kwa Mbogi ya Mtaa

Leo hatubongi ndula, hatubongi nganya mpya ya Rongai, hatubongi nani ameachwa na nani. Leo ni namba. Usitoroke. Hii stori iko na swag kushinda ile hoodie ulinunua thao mbili juu ya logo, na haikugharimu hata kobole.

Najua kenye kiliwafanyikia. Form two, odijo wa Computer aliingia daro, akajaza ubao sifuri na moja, akasema mkariri. Darasa likalala. Yeye mwenyewe alikuwa amekariri, so angewashow nini? Hapo ndo mambo iliharibikia, juu hizi vitu hazitaki kukaririwa hata kidogo. Kuna trick moja. Ukiidaka, umedaka besi zote: ya mbili, ya nane, ya kumi, ya kumi na sita. Trick moja, besi nne. Hio offer huezi pata Gikosh hata ukifika ngware wakifungua bale.

WALLET YA NOTI NANE

Besi ya kumi unaijua tangu nasari. 254 ni mia mbili, kumi tano, moja nne. Kila ukisonga kushoto, nafasi inakuwa mara kumi: moja, kumi, soo, thao. Kwa nini kumi? Juu mikono yako iko na vidole kumi. Ni hivyo tu.

Mashine haina vidole. Ndani ya chip ya simu yako kuna transista mabilioni, na kila moja ni swichi. Stima iko, stima haiko. Mtu wa Nairobi haitaji kufunzwa hio. So mashine inahesabu na vitu mbili, 1 na 0, na kila ukisonga kushoto nafasi inakuwa mara mbili: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128.

Sasa imagine serikali imechizi, imetoa noti za hizo bei nane. Na uko na moja tu ya kila aina. Umedandia mat, makanga anagonga bega, fare ni 150. Unamlipa aje bila kungoja change?

Anza na kubwa. 128 inaingia? Inaingia, imebaki 22. 64? Kubwa, ishike. 32? Ishike. 16? Toa, imebaki 6. 8? Ishike. 4? Toa, imebaki 2. 2? Toa. Imebaki zii. Ile ya 1 kaa nayo.

Noti imetoka, andika 1. Noti imebaki mfukoni, andika 0. Anza na ile kubwa: 10010110. Umemaliza buda. Hio ndo 150 kwa bainari. Na kwa mara ya kwanza kwa historia ya Nairobi, makanga hana stori ya "change utapata mbele".

Shika hii poa: na hizo noti nane, hakuna fare kutoka 0 hadi 255 yenye itakushinda. Na kila fare iko na njia moja tu ya kulipwa. Hakuna 150 ya pili. Ndo maana mashine haichanganyikiwi.

Kurudi ni rahisi zaidi. Cheki 1 ziko wapi, jumlisha noti zake. 128, 16, 4, 2. Jibu 150. Usitoe kalamu, utachoma picha.

Ile njia ya odijo pia inafanya, tatizo hakuwai kuelezea kwa nini. Gawa kwa mbili, andika kenye kimebaki, rudia hadi ufike sifuri. 150 inatoa 75, baki 0. 75 inatoa 37, baki 1. Halafu 18 baki 1, 9 baki 0, 4 baki 1, 2 baki 0, 1 baki 0, mwisho 0 baki 1. Soma kutoka chini kwenda juu: 10010110. Ni wallet ileile, ameanza tu na noti ndogo. Baki ya kwanza inakushow ka noti ya 1 inatoka ama inakaa, ya pili inakushow noti ya 2, hivyo hivyo. Si angesema tu?

VIDOLE, NA NAMBA YENYE HUONYESHI MZAE

Mzae akihesabu na vidole anafika kumi, anachoka. We unaeza fika 1,023. Serious. Kidole gumba ni 1, kinachofuata ni 2, cha kati ni 4, cha pete ni 8, kile kidogo ni 16. Kidole juu ni noti imetoka. Mkono mmoja unafika 31. Wa pili unaendelea na 32 hadi 512.

Onyesha 1. Poa. Onyesha 3. Poa. Sasa onyesha 4.

Eeh. Hio. Rudisha chini haraka kabla karao aone.

So kuna etiketi ya besi ya mbili. Usiitishe chapo nne kwa kibanda na mkono. Usionyeshe makanga uko seat nne. Na 132 usiiguse kabisa, juu hio ni mikono miwili, double. Mzae akikuuliza uko na miaka ngapi na uko 20, pia chunga: ni cha kati na kile kidogo pamoja. Mwambie tu na mdomo.

BAITI NA MAJIRANI

Noti moja inaitwa biti. Noti nane pamoja zinaitwa baiti. Si Mungu alisema ziwe nane. Zamani kila kampuni ilikuwa na size yake, hadi IBM ikatangaza System/360 mwaka wa 1964, baiti ya biti nane, na dunia ikafuata.

Sasa hapa ndo patamu. Cheki code za simu za East Africa. Kenya ni 254. Ingia kwa wallet: noti zote zimetoka isipokuwa ya 1. 11111110. Tanzania ni 255. Noti zote nane nje, 11111111, wallet safi, baiti imejaa kabisa. Halafu kuna Uganda. 256.

Huezi lipa 256. Wallet imeisha. Unahitaji noti ya tisa, na ukilazimisha iingie kwa baiti moja, inasomeka 00000000. Mbogi ya Kampala msiskie vibaya. Nyinyi ndo mnafungua baiti mpya.

Na si mchezo, hii kitu imeramba wazito. Pac-Man, gemu ya 1980, ilihesabu level na baiti moja. Ukifika level 256, nusu ya skrini inageuka takataka na hakuna kuendelea. YouTube nayo ilikuwa inahesabu views na biti 32, ikitenga moja ya alama (+ ama -), so mwisho ni 2,147,483,647. Msee wa Korea akacheza Gangnam Style, na 2014 ikabidi waongeze hadi biti 64. Densi ya farasi ilimaliza noti za YouTube.

Ile limit haijaenda mahali. Systems kibao za zamani zinahesabu muda na sekunde tangu mwanzo wa 1970, ndani ya biti hizohizo 32. Sekunde zitaisha 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, saa za Nairobi. Ni Tuesday. Ka uko chuo unasoma coding, hio ni kazi inakungoja na ganji yake.

HEKSI NDO LUKU

Bainari ni honest lakini ni ndefu. Soma 1001011011111110 kwa sauti uone vile macho inavuka. So wasee wa mashine walikuja na luku kali: kata vipande vya nne nne kutoka kulia.

Noti nne za chini ni 8, 4, 2, 1. Jumla 15. Shida ni digiti zinaisha kwa 9, so kutoka 10 wakaazima herufi: A ni 10, B ni 11, C ni 12, D ni 13, E ni 14, F ni 15. Hio ndo heksadesimali, besi ya kumi na sita. Mtaani ni heksi.

Rudi kwa fare yetu. 1001 0110. Kipande cha kwanza ni 8 na 1, so 9. Cha pili ni 4 na 2, so 6. Heksi yake ni 96. Kurudi nyumbani: 9 mara 16 ni 144, ongeza 6, ni 150. Madev huandika 0x96 ndo ujue ni heksi. Usisahau hio 0x, juu ukimpea makanga tisini na sita badala ya soo na finje, unashukia Roysambu na miguu.

Sasa Kenya. 1111 1110. F, halafu E. Kenya ni FE. Tanzania ni FF. Rwanda 250 ni FA. DR Congo 243 ni F3. Uganda, mnajua, ni 100. Mtu akikuuliza unatoka wapi, mwambie oh-ex-FE uone ka hatakufollow.

Na oktali, besi ya nane? Hapo unakata tatu tatu: 10 010 110, so 2, 2, 6. Fare ni 226. Oktali ilikuwa inabamba enzi za mashine ka PDP-8, yenye ilikuwa inashika biti 12 kwa mara moja, zinakatika tatu tatu bila makombo. Baiti ya nane ikaua hio vibe, juu 8 haigawanyiki na 3. Sai oktali imebaki Linux na ndugu zake, kwa ruhusa za faili. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1. Wallet ya noti tatu. Ukiona 755, mwenye faili ana 7, yaani zote, wale wengine wana 5, yaani wanasoma na kuendesha lakini hawaandiki. Halafu kuna yule msee akikwama anapiga 777 kwa kila faili ndo "ifanye". Seva nzima iko wazi, kila mtu anaandika kenye anataka. Hio ni aibu. Usiwai onekana na 777.

RANGI: WACHA KUSEMA "GREEN HIVI"

Designer wa poster anakuuliza unataka rangi gani. Unamjibu "green, green hivi ya kuiva". Buda. Kuna rangi 16,777,216 kwa hio skrini na we umesema "hivi".

Rangi ya skrini ni heksi sita, mbili mbili: nyekundu, kijani, bluu. Kila pea ni baiti moja. 00 ni kuzima, FF ni 255, full volume. FF0000 ni nyekundu tupu. 000000 ni nyeusi, kila kitu imezimwa. FFFFFF ni nyeupe, kila kitu imewashwa. Ukitaka green iliyotulia, sema 008000. Ukitaka ile inachoma macho, 00FF00. FFA500? Nyekundu full, bluu zii, kijani A5, yaani 10 mara 16 ongeza 5, ni 165. Hio ni machungwa. Ukiona 808080 unajua ni kijivu bila kuulizwa, juu zote tatu ziko 128.

Hio ndo tofauti ya mteja na mjuaji. Mteja anarudishiwa poster mara sita. Mjuaji anatuma heksi, analipa, anatoka.

VILE UNAOSHWA MCHANA

Tuongee doh. Umejikaza, umenunua hard disk ya 1TB. Unaidunga kwa lapi ya Windows, inasoma 931GB. Mzae anasema virus imekula. Fundi wa mzae anasema lete thao aiformat.

Hakuna kitu imeliwa. Mwenye kiwanda anahesabu na besi ya kumi: kilo ni 1,000, mega ni 1,000 mara 1,000, hivyo hivyo. Windows inahesabu na mbili: 2 ikijizidisha mara kumi ni 1,024, hio ndo kilo yake. Kwa kilo tofauti ni ndogo. Lakini inapandana kila hatua, na ukifika giga imekuwa karibu asilimia 7, kwa tera karibu asilimia 9. Baiti ni zilezile, ni vile zimefungwa mafungu ya size tofauti. IEC, wale wa viwango vya dunia, walitoa majina mapya 1998 ndo watu wasichanganyikiwe: kibibaiti, mebibaiti, gibibaiti. Windows ikakataa, bado inaandika GB.

So chukua hii formula ukienda Luthuli. Box ikisema 64, tegemea kuona karibu 59 ama chini kidogo. Hapo hujaibiwa. Ukipewa flash ya 2TB kwa bei ya lunch, hapo umeoshwa, hata ka inasoma 2TB. Chip ya ndani ni ndogo, imefunzwa tu kudanganya. Ukianza kujaza, mafaili zinapotea.

Ya pili ni WiFi. Tangazo linasema 10 Mbps na we unaona download inasonga 1.25MB kwa sekunde. Unapiga customer care kelele. Cheki hio b. Ndogo ni biti, kubwa ni baiti, na baiti ni biti nane. 10 gawa kwa 8 ni 1.25. Wamekupea kenye walisema, walichagua tu herufi inakaa tamu. Muvi ya 1GB hapo inachukua dakika 13 na sekunde 20, ikienda poa. Ukijua hio, unajua package yenye unahitaji, na hulipii yenye huhitaji.

Ya tatu: kuna wasee wanalipisha thao tano "masterclass" ya hizi besi. Fungua calculator ya Windows, weka mode ya programmer. Iko na HEX, DEC, OCT na BIN, zote nne, moja juu ya ingine, bure. Jaribu wallet kwa kichwa, halafu cheki majibu hapo. Hio thao tano nunua ndula.

MZAE NA 666

Kila system mpya ikija, kuna mzae anasimama akisema kompyuta ni 666. Mwache aongee, akimaliza mshow: kwa heksi, 666 ni 29A. 2 mara 256, 9 mara 16, ongeza 10. Inakaa mwisho wa namba plate ya probox. Utaogopa 29A aje?

Wazae pia wanapenda kusema "nyinyi watoto hamjui kitu, ngojeni mkomae". Leibniz aliandika kuhusu hesabu ya 0 na 1 mwaka wa 1703. George Boole akaandika algebra ya ndio na hapana 1854. Hizo idea zikakaa kwa vitabu zikila vumbi. Halafu 1937, pale MIT, Claude Shannon akaandika thesis ya masters akaonyesha swichi za stima zinaeza fanya hio algebra ya Boole. Ndo msingi wa kila saketi ndani ya simu yako. Alikuwa na miaka 21. Kwa heksi hio ni 15. Mtoto wa 15 alifungua dunia, na mzae wako wa miaka 50, yaani 32, bado anaandika PIN nyuma ya kadi.

Kitu moja tu mashine inafeli, na ujue ndo usibabaike. Besi ya mbili haiwezi andika 0.1 ikamaliza. Inarudia 0011 bila mwisho, vile theluthi inarudia 3 kwa besi ya kumi. So uliza Python 0.1 ongeza 0.2, inakujibu 0.30000000000000004. Ndo maana dev mwenye akili akijenga app ya doh anahesabu senti nzima nzima, hakuna nukta. Ukiona app inahifadhi pesa yako na nukta za kuelea, toa doh yako hapo.

TEST YA BESI

Herufi pia ni namba. Kwa kompyuta A kubwa ni 65, heksi 41, na zinafuatana: B ni 42, C ni 43. a ndogo ni 97, heksi 61, halafu b ni 62. Tofauti ya A na a ni 32 kamili. Noti moja. Kugeuza herufi ndogo kuwa kubwa ni kurudisha noti ya 32 mfukoni.

So 53 68 65 6E 67 ni neno. Ifungue. 53 ni 83, hesabu kutoka A, inafika S. 68 ni h. Endelea mwenyewe, inatoka "Sheng". Iprint kwa tishati nyeusi, rangi 00FF00, bila maelezo. Wale watajua watakusalimia. Wale hawatajua watafikiria ni brand ya ng'ambo, waulize bei.

Na ka umefika hapa bila kulala, kuna ujumbe wako. Usigoogle. Tumia wallet:

55 6D 65 69 76 61